Kiti cha Kushoto

Mugisho ameandika hesabu nyuma ya boksi la biskuti:
injini iliyotumika, ya Dubai, dola mia nane na hamsini,
shokapu nne, bushi, rejeta,
na kazi yake mwenyewe, ambayo hakuiandikia bei,
akachora mstari tu, kama anayeacha nafasi ya dua.
"Ukiongeza kidogo," anasema, akifuta mikono kwa shati la zamani,
"unapata gari zima."
Dola elfu tano na mia tatu.
Ndiyo kidogo ya Mugisho.

Ipsum yetu iko juu ya mawe manne,
mdomo wazi, kama mgonjwa aliyeambiwa aseme aaa.
Niliinunua mwaka ambao Nsimire aliota jino.
Ilivuka Ruzizi na vumbi la nchi tatu kwenye vioo,
na kila asubuhi nikizungusha ufunguo
mwanamke aliye ndani ya dashibodi hutamka sentensi moja ya Kijapani.
Bukavu nzima hakuna aliyenitafsiria.
Nsimire, alipojua kuongea, aliamua: "Anauliza, mmekula?"
Basi tukawa tunamjibu. Tumekula, mama.
Siku nyingine: bado.

Sasa mlima wa Cimpunda inaupanda kinyumenyume.
Usicheke. Gia ya nyuma ndiyo iliyobaki na nguvu.
Napanda nimegeuza shingo, watoto wa jirani wanapiga makofi,
na ziwa linashuka polepole kwenye kioo cha mbele
ambako hakuna anayelitazama.

Kwa Zihalirwa, kule Nguba, lipo jingine.
Usukani kushoto, viti vya kijivu, harufu ya sabuni.
Nilikaa ndani, nikazungusha ufunguo.
Kimya. Halikuniuliza kitu.
"Hili halisumbui," akasema Zihalirwa.

M'Kahasha yuko upande wa hilo.
Hakutaja injini, wala majirani.
Alisema: "Nitaweza kulala njiani."

Nilikosa la kumjibu.
Usukani wa Ipsum uko kulia, nasi tunapita kulia,
kwa hiyo nyuma ya lori mimi naona bati la lori.
Anayeona ni yeye.
Ngoja. Ngoja. Pikipiki. Ngoja. Sasa, pita.
Mwaka ule wa ugomvi wa kiwanja cha Panzi,
siku kumi na moja nyumba ilikuwa chungu kilichofunikwa,
hata chumvi tuliombana kupitia mtoto,
lakini barabarani alisema: pita.
Nami nilipita, bila kuinamisha kichwa kuhakikisha.

Jumamosi Mugisho aliifunga kwa muda, waya hapa, kamba pale,
ili tukatoe arbuni kwa Zihalirwa.
Dola mia tatu ndani ya soksi.
Nyawera, lori la bia likakaa mbele yetu, likikohoa moshi.
Nikangoja.
M'Kahasha alitazama mbele, midomo ameibana,
kama mtu anayejaribu viatu vipya akiwa bado dukani.
Tukaenda hivyo nyuma ya chupa zinazogongana,
mwendo wa mazishi.
Mama mwenye beseni la sambaza alitupita kwa miguu,
akageuka, akatusikitikia.
Njia ya kukata kwenda Nguba nayo ikafika, ikabaki nyuma,
na hakuna kati yetu aliyeitaja.

"Pita," akasema.

Kisha, macho yake yangali barabarani:
"Mwambie aweke hiyo injini.
Lakini aanze na kiti hiki.
Kuna springi inanichoma mgongo tangu Nsimire yuko darasa la pili."

Nsimire anamaliza sekondari mwaka huu.

Niliegesha palepale, pikipiki zikanipigia honi na matusi.
Nikapitisha mkono nyuma ya mgongo wake, chini ya kitambaa.
Ilikuwepo.
Ncha yake imepinda kama ukucha,
ina joto lake.