Kipimo cha Kidole

Saa kumi na mbili kasorobo, Mabela.
Naingia na kanzu ya kazini,
ufunguo wa gari nimeuuma menoni,
Ghaith kwapani kama mkoba.
Muhannad ana mtihani wa hesabu kesho,
na Thuwaiba anauliza, mara ya tatu tangu taa za barabara kuu,
kama kuna chakula au kuna mkate.

Kuna chakula, nasema.
Kusema hakuchomi gesi.

Zuwena yuko zamu ya usiku, hospitalini.
Kabatini: mchele,
makopo mawili ya jodari,
kitunguu kilichoanza kuota mkia wa kijani,
malimau makavu manne, meusi,
mepesi kama ahadi.
Kwenye friji, mtindi. Basi.

Nampigia mama, Ibra.
Simu naiegemeza kwenye chupa ya siki,
yeye anaangalia dari langu, mimi naangalia kidevu chake.
"Kaanga kitunguu mpaka kione haya."
Bizari?
"Kiasi."
Kiasi gani, mama?
"Kiasi chake."
Na maji?
"Simamisha kidole juu ya mchele.
Maji yakifika kiungo cha kwanza, acha.
Yaliyobaki ni ya Mungu."

Nikasimamisha kidole.
Sikukumbuka kwamba changu
kimebeba makasha uwanja wa ndege miaka kumi na mmoja,
na cha mama ni cha kushonea kofia za viua,
chembamba, karibu kipite tundu la sindano.

Nikafunika.
Nikamwogesha Ghaith, akaniogesha.
Nikatafuta kigawo kikubwa cha shirika
cha ishirini na nne na thelathini na sita;
nikasema sita, kwa sauti ya baba.
Ni kumi na mbili.
Nje, gari la gesi likapita na kengele yake,
na mimi nikasikia harufu.

Nilipofunua, wali haukuwa wali.
Umelala, umekumbatiana,
mwiko umesimama katikati pasi na mtu kuushika.

"Bokoboko!" nikatangaza, kabla sijaulizwa.
"Bokoboko halina jodari," akasema Muhannad.
"Hili linalo."

Nikamwaga mtindi juu, kufunika aibu.
Thuwaiba akalitoa limau kavu, akaling'ata,
uso ukajikunja wote kuelekea puani,
akalirudisha sahanini,
kisha akalitafuta tena.
Ghaith akala mpaka kwenye nyusi.
Chini ya sufuria palikuwa na ukoko, kipande cha kiganja,
wakaugawana kwa rula ya hesabu,
na hapo, bila mwalimu, Muhannad akaelewa sehemu.

Nikamwekea Zuwena sahani, nikaifunika kwa sahani.
Alfajiri nilikuta zote mbili zimeoshwa, zimeinamishwa.
Alikula, au alimwaga?
Nguo zake za kazi zilikuwa kwenye kiti,
yeye usingizini na soksi mguu mmoja.
Sikuuliza.
Ndoa nayo ina kiasi chake.

Jumanne ya pili nikamwita Thuwaiba jikoni.
Akanawa, akapanda kigoda,
akakitoa kidole cha shahada kama anayekwenda kupiga kura.
Lakini kwanza tukampigia bibi.
Bibi akaweka chake kwenye kioo huko Ibra,
Thuwaiba akaweka chake kwenye kioo hapa,
ncha kwa ncha, kioo kikajaa ukungu wa pumzi mbili.
"Viungo viwili vyangu," akasema, "ni kimoja cha bibi."
Na bibi, kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe,
akatoa kipimo kamili.

Wali ukatoka punje kwa punje,
kila moja na mipaka yake.
Thuwaiba akazunguka meza akiwaonyesha kidole.

Muhannad akatafuna. Akafikiri.
"Mimi," akasema, "nilipenda lile bokoboko."