Chai ya Behewa la Chakula

Treni ikiingia Moshi sihitaji kuuliza.
Nawasoma usoni kabla magurudumu hayajatulia.
Wakishuka wanajinyoosha, wananunua ndizi mojamoja,
najua usiku jikoni mlikuwa na wali, kuku,
na soda zilizotoka jasho kwa ubaridi.
Siku hiyo chupa zangu mbili narudi nazo nzito.

Leo mama mmoja kanifikia na kikombe chake mwenyewe,
mtoto anamvuta kanga.
"Tangu Korogwe tunaambiwa maji yanachemka."
Mwanafunzi kauliza chapati. Ngapi? Zote.
Mwingine aliagiza samaki akaletewa yai,
akaomba chumvi, akaletewa risiti.

Na wiki iliyopita, treni hiyo hiyo, behewa hilo hilo,
walipewa hata leso za karatasi, zimekunjwa pembetatu.

Simlaumu mtu. Gesi huisha,
hata kwangu Njoro huisha, maharage yangali magumu.

Kisha akashuka Kiwelu, mhudumu,
shati jeupe, tai imelegea,
sinia kwapani kama kitabu cha sala.
Akatazama kushoto, akatazama kulia.
"Aikande, nijazie vikombe kumi na viwili.
Tangawizi punguza, wasijue ni yako."

Nikajaza. Tangawizi sikuipunguza;
ilishachemka humo tangu saa kumi alfajiri.

Honi ikalia, wa Arusha wakapanda.
Dirishani nikamwona akigawa chai yangu
kwa bei mara tatu,
na yule mama wa kikombe
akionja, akisita,
akigeuka kunitafuta kwa macho.