Kwa Mtoa Damu Nambari Sitini na Moja

Hatujuani. Kwenye mfuko wako wameandika namba tu,
sitini na moja, na siku: Jumanne.
Nadhani walikupa chokoleti, ukabana pamba mkononi,
ukapanda tramu kurudi kazini,
Debrecen yote ikichuruzika theluji ya Februari.

Mimi nimebaki na askari wako.

Nimewaosha, nimewahesabu, nimewagawa
katika sahani ya plastiki isiyozidi kiganja:
vishimo mia tatu themanini na vinne,
kila kimoja hushiba kwa tone moja.

Humo wametangulia wenyeji,
seli za titi la mwanamke aliyefariki
kabla mama yangu hajavunja ungo.
Yeye alikwenda, ugonjwa wake haukwenda:
tunaulisha, unagawanyika, tumeutia rangi.
Ukiwa hai hung'aa kijani.

Kingamwili ndiye mshenga.
Mkono mmoja kamshika mgonjwa,
wa pili anamnyooshea askari wako: huyu hapa.
Bila yeye wangepishana
kama wapangaji kwenye ngazi.

Kisha roboti, tk, tk, tk,
inadondoshea kila kishimo dawa yake.
Nyingi hazina jina bado; nyingine ni kongwe,
za presha, za usingizi, za minyoo ya ng'ombe.
Nani atawanoa askari?
Nani atawalevya?

Saa nane usiku. Zsombor amelalia koti lake.
Nafungua picha. Kazini kwetu
giza ndiyo habari njema.
Safu kwa safu, giza, giza, askari wako hawakulala,
mpaka safu ya nane, kishimo cha kumi na saba:
kijani tele, kama bustani iliyomwagiliwa.

Nakiri, kwanza nilikiona kizuri.

Kisha nikatazama orodha.
Ni vile vidonge vyeupe anavyomeza mama
kila asubuhi na kahawa yake, moyo usimwende mbio;
mama, ambaye kila wiki ya tatu
hutundikiwa dripu ya mshenga huyu huyu.

Kishimo kimoja si ushahidi.
Kesho nitarudia mara tatu, kwa damu ya mwingine.
Nimekiandika kwa penseli, si kwa wino.
Simu nimeishika, nimeiweka.

Sitini na moja, wawili watatu wako bado nawaona
pembeni mwa ile bustani:
wameshika, hawang'ati.
Jumanne ukipata nafasi, rudi.
Chokoleti ipo.