Waliouawa na Leland

Kanisani Van Nuys, Jumanne, joto la kukausha mate,
marehemu walikuja kumzika aliyewaua.

Daktari wa meno Pelletier, aliyezama kwenye bwawa la hoteli
msimu wa pili, kipindi cha saba,
alikaa safu ya mbele, miwani kaipangusa mara tatu.
Nyuma yake Bi Orpha wa duka la mikate,
aliyetiliwa sumu kwenye kahawa, ukurasa wa arobaini,
riwaya ile ya jalada jekundu ambayo wachapaji walikosea jina la mwandishi
naye akasema: afadhali, wadeni wamfuate huyo mwingine.
Tarishi Dwight Mabry alisukumwa kutoka ghorofa ya kumi na moja.
Leo kaja na mkongojo. Goti tu, umri.

Ndivyo alivyokuwa. Akikupenda, anakuua.
Jina lako analiazima, analivika koti la mvua,
analipeleka gerejini kwenye taa moja mbovu,
na halirudi.
Mtaa mzima ulisubiri zamu kama unasubiri kadi ya harusi.
"Leland, mimi lini?" fundi bomba aliuliza, kichwa chini ya sinki.
"Vumilia. Bado natafuta kifo kinachokufaa."

Mimi nilichapa yote.
Miaka kumi na tisa, mashine mbili, kisha kompyuta iliyokoroma.
Nilimjua muuaji kabla ya taifa.
Alhamisi usiku, madirisha yote ya mtaa yakipepesa buluu,
dada yangu alinibana jikoni: niambie, Rosalba, ni nani?
Nami nikamenya viazi.
Siri haina mshahara, lakini inashibisha.

Hakuwa malaika.
Alisahau siku za kuzaliwa za wanawe, akakumbuka
damu inakauka kwa dakika ngapi juu ya sakafu ya jikoni.
Studio ilipotaka amfufue mpelelezi Garrity, ili sabuni iuzike,
alitoka mkutanoni na kalamu za watu mfukoni,
hakurudi miezi minane.
Sisi ambao majina yetu hupita mbio mwisho wa kipindi
tulikula maharage.

Siku moja nilimuuliza, nusu mzaha:
mbona mimi hujaniua?
Akatazama mkebe wa penseli, muda.
"Halafu nani atachapa?"
Nilicheka. Niliumia pia; msibani sisemi uongo.

Baada ya mazishi, Corinne mkewe akanipa boksi la viatu.
Riwaya ya mwisho, kurasa mia na themanini na sita,
duara la kahawa juu ya sura ya tatu.
Niliisoma nimesimama, viatu vya kanisani miguuni.
Mwishoni yupo mwanamke, mchapaji, mfupi, mkaidi,
peke yake ofisini, umeme umekatika,
hatua zinapanda ngazi.
Anaitwa Rosalba.
Anashika kitasa, na mstari unasema:
alifungua mlango, na pale, akitabasamu, alisimama

Basi. Hata nukta hakuweka.

Wachapishaji wamepiga simu mara nne.
Imalizie wewe, wanasema, wewe ulikuwa unajua siku zote.
Safari hii sijui.
Nimeitoa stoo mashine ya zamani, ile yenye herufi A iliyolegea.
Kila jioni nauchapa upya mstari ule hadi alisimama,
naondoa vidole,
nasikiliza ngazi.