Mpangaji Asiyelipa

Sikumwalika.
Alikuja Jumanne na majani ya maji
niliyouziwa na kijana wa Masese kwa shilingi elfu mbili:
tone la ute chini ya jani,
nikalidhani povu.

Tangi lenyewe lilikuwa deni.
Balikoowa alinishonesha suti tatu za harusi ya mwanawe,
pesa ikamwishia kwenye vinywaji,
akaniletea kioo, pampu na samaki watano,
akasema, "Hii nayo ni mali."
Nikaliweka kati ya cherehani na dirisha,
Barabara ya Iganga, Jinja,
samaki wakawa wasimamizi wa mapindo yangu.

Wiki ya tatu kioo kikaota utando wa kijani.
Nikausugua kwa kipande cha poplini. Ukarudi.
Ndipo nikamwona,
mdogo kama kifungo cha shati la mtoto,
anapanda pasipo haraka,
na kila alikopita
pamebaki njia safi, nyembamba,
kama mkasi uliokata kitambaa bila chaki.
Ulimi wake una meno, waliniambia, maelfu,
na hakuna hata moja la kusengenya mtu.

Nikasema: huyu ni fundi mwenzangu.
Chakula kilichozama anaokota,
jani lililooza anamaliza,
na hadai chai ya saa nne.

Mke wangu Zamzam akasema: ngoja.

Hakuhitaji mume, hakuhitaji mke,
yeye mwenyewe posa, yeye mwenyewe mahari.
Mmoja akawa saba.
Saba wakawa arobaini
kabla sijamaliza sare za watoto wa Walukuba.
Majani yangu ya elfu mbili wakayatoboa
yakawa lesi ya bibi harusi.
Mmoja akafia nyuma ya jiwe,
na siku mbili wateja walikuwa wakikagua soli za viatu vyao,
mmoja akachukua kitambaa chake, akaondoka
bila kuaga.

Hilo silo lililomtia Zamzam hofu.
Alininyoshea kidole tu:
mkono wa Kaltuma, kitinda mimba wetu,
umezama hadi kiwiko, anawahesabu.
"Umesahau tumbo la Murjani?"

Sikusahau.
Tuliogelea Masese mimi na kaka yangu,
tukikusanya konokono kama gololi.
Mwaka ule tumbo lake lilimtangulia mlangoni.
Shuleni walitupima kwa ufito wenye mistari,
kimo chako ndicho hesabu ya vidonge,
vikubwa, vichungu, vya kumeza na ugali,
na yeye alikuwa mfupi kuliko ugonjwa wake.
Siku hizi anaishi Bombo, mbali na ziwa.
Akinawa uso, hufumba macho
kama mtu anayengoja kofi.

Nikaandaa ndoo. Nikaandaa chumvi.
Kesho asubuhi, nikaapa.

Usiku umeme ukakatika.
Nilikuwa nimelala dukani juu ya marobota,
nikaamka kukojoa, nikawasha tochi:
konokono wote arobaini
wamejipanga juu, kwenye ukingo wa maji,
kama abiria waliosikia meli inazama.
Pampu ilikuwa kimya.
Samaki walikuwa wanakunywa hewa.
Nikachota kwa kikombe, nikamwaga kutoka juu,
nikachota, nikamwaga,
hadi adhana ya alfajiri, hadi taa ikarudi.

Asubuhi chumvi ilikuwa bado kwenye karatasi yake.

Basi tulifanya hivi, wala sidai ni busara:
wakubwa wote waliofika na lile jani walikwenda na ndoo.
Watatu tu walibaki, wadogo, waliozaliwa humu,
ambao hawajawahi kuliona ziwa.
Kaltuma anawahesabu kwa macho, mikono nyuma.
Mimi husafisha nikiwa na glavu za mpira,
na muuza roleksi wa kona ananiwekea maganda ya mayai;
nayaponda, nawapa,
magamba yao yasije yakachanika.

Leo nimeinamia kioo kutafuta sindano iliyodondoka.
Chini ya jani, tone la ute.
Zamzam ameniona nimeona.
Nimetia uzi kwenye sindano nyingine,
polepole sana.