Mfuko wa Zihalirwa

Kadutu wananijua kwa sare za shule na kanzu za kwaya.
Zihalirwa akaja na vazi la raba begani,
jeusi, linanuka ziwa na mafuta ya injini.
"Mama Cibalonza, maji yananiingia shingoni."

Lilikatwa kwa mtu mwingine, wa nchi nyingine:
mapaja marefu, kiuno cha nyigu.
Nikamvika. Kwapani likatuna.
Palipobaki nafasi, alisema, ndipo baridi hukaa.

Cherehani iliniaibisha,
kila tundu la sindano ni mlango wa maji.
Basi gundi kwanza, ya fundi wa matairi,
kisha mkono, uzi ukigeuka katikati ya unene,
usitokee upande wa pili,
kama neno unalolimeza mbele ya mkwe.

Zipu nikaihamisha kutoka mgongoni,
ikapita kifuani kimshazari,
ajifunge mwenyewe, asiombe mtu.

Nikamjaribisha ndani ya pipa, uani.
Watoto walicheka hadi wakakaa chini.
Shingoni maji yalibisha, hayakukaribishwa.

"Bado mfuko," akasema. "Hapa. Wenye kifuniko."
Wa kisu?
"Kisu kina mahali pake."
Akaishika futi kamba yangu, akaikunja, akaikunjua.
"Boti ikizama, kina mama huningoja bandarini.
Pete. Kadi ya kura. Kitu chochote kidogo
kisinitoke nikipanda."

Sikuuliza upana.
Nilipima kwa kiganja changu,
nikashona mara tatu.