Yatokanayo

Mimi ndiye niandikaye: *Mkutano ulifunguliwa
saa nne na dakika kumi, akidi ikiwa imetimia.*
Siandiki kwamba feni ya tatu inasaga meno,
wala kwamba Mheshimiwa Kibwana, diwani wa Mabawa,
huvua kiatu cha kushoto chini ya meza
kila tunapofika kwenye bajeti.

Yatokanayo na kikao kilichopita:
kalavati la Makorora.
Kikao kilichopita nacho kililikuta kwenye yatokanayo.
Na kile cha kabla yake.
Nimeandika *mhandisi anafuatilia* mara nne,
hata vidole vinajua njia bila mimi,
na katikati hapo masika yakaja, vuli ikaja,
zikafuatilia kumshinda mhandisi.

Akasimama Bi Mwanaiba Shekiondo.
Hakuja na hotuba. Alikuja na bunda la stakabadhi
lililofungwa kwa mpira wa baiskeli:
ushuru wa meza, mia tano kwa siku,
wa wauza vitumbua na mihogo kumi na wanne
wanaopandisha magodoro juu ya kabati
kila wingu likikaza uso.
"Hizi tumezikata sisi," akasema. "Muhuri wetu huu.
Hela yao imeijua njia ya kufika hapa.
Sasa nauliza, ya kurudi imepotelea wapi?"

Mwenyekiti akanigeukia: "Karani, kwa ufupi."
Nikaandika: *Mjumbe alitoa ufafanuzi.*

Mweka hazina akafunua, akafunika.
Fungu la mitaro limekauka, alisema,
(mitaro yenyewe je? akanong'ona mtu nyuma)
lililobaki ni la taa za barabarani,
taa sita, kata ya Mabawa.

Ukimya ulioingia sikuwa na kipengele cha kuuweka.
Mheshimiwa Kibwana akavaa kiatu.
Akasema wapiga kura wake watamtafuna mbichi.
Akanywa maji. Akasema tena, sauti ikiwa chini,
kwamba watoto wa Mabawa hupita pale kwenda shule,
na wiki ile mmoja alirudi bila daftari, bila kandambili;
ila alirudi.
Akahesabu kwa vidole kama mtu anayegawa ubwabwa usiotosha.
"Chukueni nne. Mbili niachieni, za mlango wa zahanati."
Hakuna aliyepiga makofi. Mtu alikohoa.

*7.3 Baraza liliazimia kwa kauli moja.*
Uongo wa adabu. Zilikuwa kauli kama za Mgandini siku ya soko,
zikatwangwa, zikachujwa, zikakamuliwa,
likabaki tui kidogo
nikalimimina kwenye mstari.

Kalavati lilikuja Novemba juu ya lori,
mabomba matatu ya zege, moja lina ufa.
Hapakukatwa utepe.
Mvua ya kwanza ikapiga, maji yakajikusanya,
yakasita mdomoni kama mgeni asiyebisha hodi,
yakapita.
Asubuhi muuza vitumbua akakoka jiko palepale,
akalipa mia tano yake,
akadai stakabadhi.

Mimi nakaa Mabawa.
Nyumba ya tatu kutoka kwenye nguzo
iliyosimamishwa kabla ya kikao kile, haina kitu kichwani.
Jioni za muhtasari mrefu narudi na baiskeli,
simu nimeing'ata kwa meno, tochi ikiwaka,
na nikikanyaga kalavati naisikia 7.3
ikitiririka chini ya magurudumu.
Kisha nakata kona, naingia gizani.
Giza nalo lina kipengele chake.
Nililiandika mwenyewe, mkono wangu, wala sikukosea herufi.

Mama mkwe huniuliza, huko kwenu mnafanya nini siku nzima?
Nashindwa kumjibu. Tunaketi. Tunahamisha mwanga
tununue njia ya maji.

Alhamisi kuna kikao.
Chini ya yatokanayo nimeshachapa mstari wa kwanza:
taa nne, Mabawa.
Mbele yake nimeacha nafasi,
pana kidogo kuliko kawaida.